Moto wa Namugongo na Makaburi ya Rubondo

Suala la kuchoma maiti limetufikia hapa Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa njia ya simu. Kwa miaka mingi halikuwa letu. Mtu akifariki hapa Nakivale anachimbiwa kaburi, watu wanakaa matanga, kwaya inaimba, mchungaji au padri anaomba, na udongo unarudishwa. Lakini wengi tuliokaa nao wamepata safari ya nchi ya tatu. Wako Marekani, Kanada, Australia na Ulaya, na huko nako watu wanakufa. Habari ikija kwamba familia imekubali mwili wa ndugu uteketezwe kwenye tanuru, na kwamba kitakachobaki ni chombo kidogo cha majivu, kilio cha huku kinageuka mabishano. Je, aombewe? Je, amekufa kama Mkristo? Siku ya mwisho atafufuka na nini? Naandika kwa sababu jibu linalotolewa upesi, kwamba kuchomwa ni kumkana Kristo, halina msingi katika Maandiko wala katika historia ya Kanisa, na linawaongezea uchungu watu ambao tayari wana uchungu mwingi. Naamini pia kwamba nchi hii iliyotupokea, pamoja na nchi tulizotoka, zimekwisha kutupa ushahidi wa kutosha, tukikubali kuutazama.

Tuanze na ushahidi ulio karibu. Tarehe 3 Juni kila mwaka Uganda nzima inapumzika kwa ajili ya mashahidi wake. Mahujaji wanatembea kwa miguu siku nyingi kwenda Namugongo, wengine wakianzia Mbarara na hata mbali zaidi. Wanakwenda mahali ambapo tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana Wakatoliki na Waanglikana walifungwa ndani ya mikeka ya matete wakateketezwa. Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana Wakatoliki, alichomwa siku hiyohiyo, peke yake, mbali kidogo na wenzake. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 wa upande wa Katoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana nao wanawaheshimu wao 23. Si wote waliokufa kwa moto. Wengine walikatwa kwa mapanga au kuchomwa mikuki. Lakini moto ndio uliolipa jina la Namugongo uzito wake, na sijasikia Mkristo yeyote akiuliza kama waliogeuka majivu pale watafufuka. Wazazi wanawabatiza watoto kwa majina yao. Tunaomba kwa kumbukumbu yao. Basi imani yetu kuhusu moto na ufufuo tunayo tayari, tena tunaitangaza hadharani kila mwezi wa sita. Kinachokosekana ni kuikumbuka pale mwili ulioungua unapokuwa wa ndugu yetu.

Kuna tarehe nyingine ya mwaka huohuo inayonifikirisha sana. Tarehe 19 Mei 1886, wiki mbili tu kabla ya moto wa Namugongo, Roma ilitoa agizo la kuwakataza Wakatoliki kuagiza miili yao ichomwe na kujiunga na vyama vilivyoeneza jambo hilo. Wakati mashahidi Wakatoliki wa Uganda wanafungwa kwenye mikeka ya matete, Kanisa lao lilikuwa limetoka kukataza kuchoma maiti. Je, kuna mgongano hapo? Hakuna, na sababu ya kutokuwapo ndiyo kiini cha hoja yangu. Agizo lile halikusema kwamba moto unaweza kumshinda Mungu. Lililenga watu wa Ulaya wa wakati ule, wengi wao wapinzani wa Kanisa, waliofanya uchomaji kuwa tangazo kwamba hakuna ufufuo na mtu akifa amekwisha. Kilichokatazwa ni kauli iliyobebwa na tendo. Ndiyo maana kauli ile ilipodhoofika, katazo nalo liliweza kuondolewa. Mwaka 1963 Roma ililegeza sheria, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba mazishi ya ardhini yanapendekezwa kwa moyo wote, lakini kuchoma hakukatazwi isipokuwa kumechaguliwa kwa sababu zinazopinga mafundisho ya Kikristo. Mwaka 2016 yakaongezwa maelekezo: majivu yawekwe mahali patakatifu, yasimwagwe hewani wala majini, yasigeuzwe mapambo. Mwaka 2023 ikatolewa ruhusa ndogo ya kutunza sehemu kidogo ya majivu mahali penye maana kwa marehemu. Anayesema leo kwamba Kanisa Katoliki linakataza kabisa anasimulia sheria iliyokwisha kubadilishwa kabla hajazaliwa.

Wengine hunijibu kwamba mashahidi hawakuchagua. Walichomwa na adui, na Mungu hamhesabii mtu alichofanyiwa kwa nguvu. Anayeandika wosia kwamba achomwe amechagua mwenyewe. Pingamizi hili ni la haki na linahitaji kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu sisi tuna kumbukumbu iliyo karibu zaidi kuliko Namugongo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya mpito ya Gatumba, ndani ya Burundi karibu na mpaka wa Kongo, ilivamiwa, na wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 150 wakauawa, wengi wao Banyamulenge. Waliuawa kwa risasi na kwa moto ndani ya mahema. Nakivale ina watu waliofiwa usiku ule, na kila Agosti wanakumbuka. Hakuna mchungaji hapa anayeweza kusimama mbele yao na kusema kwamba walioteketea kwenye mahema watakuwa na shida siku ya ufufuo. Hata wazo lenyewe linatia uchungu. Sasa tazama pingamizi limefika wapi. Anayekubali kwamba walioungua Gatumba na Namugongo watafufuka amekubali kwamba moto wenyewe hauna uwezo wowote juu ya ahadi ya Mungu. Lililobaki si suala la majivu tena, ni suala la nia: mtu alichagua kwa kusudi gani, na uchaguzi wake unawafanyia nini walio hai? Hayo ni maswali mazuri, lakini yanajibiwa mtu kwa mtu. Hayaruhusu hukumu ya jumla.

Wakristo wa kwanza walilijua hili vizuri kuliko sisi. Katika Dola ya Roma, ambako wengi walichoma maiti zao, wao walizika, na walizika kwa upendo, hata maskini wasio na ndugu. Lakini hawakuzika kwa hofu. Minukio Felix, mwandishi Mkristo wa Kilatini wa karne za mwanzo, aliwaeleza wapagani kwamba Wakristo hawaogopi hasara yoyote kutokana na namna ya kuzikwa. Wanafuata tu desturi ya zamani wanayoiona kuwa bora. Mwaka 177 huko Lyon, Ufaransa ya leo, watesaji waliichoma miili ya mashahidi na kutupa majivu katika mto Rhône, wakitaka waziwazi kuwakatisha Wakristo tamaa ya ufufuo. Eusebio ametuhifadhia habari hiyo. Walioamini kwamba moto na maji vinaweza kuzuia ufufuo walikuwa wale wauaji. Inanisikitisha kuona imani yao ikihubiriwa na watu wa kanisa, kwa nia njema kabisa, mbele ya mjane aliyepigiwa simu usiku.

Najua nitaulizwa kuhusu Biblia. Ni kweli Biblia inazika. Abrahamu alimzika Sara katika pango la Makpela, Mwanzo 23. Yesu mwenyewe alizikwa, na Paulo anaufananisha ubatizo na kuzikwa pamoja naye. Mtu akiniambia kwamba mazishi ya ardhini yanasimulia Injili vizuri kuliko tanuru, nakubaliana naye bila kusita. Mbegu inayopandwa, katika sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza, ni ishara ambayo moto hauwezi kuitoa. Lakini ishara bora si sheria. Yesu alilazwa katika pango la mwamba lililofungwa kwa jiwe, amevikwa sanda, na hakuna anayedai kwamba sisi tunaozika kwa sanduku la mbao ndani ya shimo tumemwasi. Yapo pia maandiko ambamo moto ni adhabu: Akani katika Yoshua 7, au Moabu inayolaumiwa katika Amosi 2 kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Kule moto ulitumiwa kumdhalilisha mtu. Lakini soma 1 Samweli 31. Wafilisti walipoutundika mwili wa Sauli ukutani, watu wa Yabeshi-Gileadi walitembea usiku kucha, wakauchukua mwili wake na miili ya wanawe, wakaichoma, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Ndiyo, Kitabu cha Mambo ya Nyakati hakitaji kuchomwa huko, na wapo wanaoona kwamba ilikuwa dharura tu. Hata kama ni dharura, Daudi hakuwakaripia. Katika 2 Samweli 2 aliwatumia wajumbe wa kuwabariki kwa wema waliomtendea bwana wao. Moto uleule ulikuwa laana kwa Akani na heshima kwa Sauli, na kilichotofautisha ni moyo wa waliouwasha.

Pingamizi lililo zito kuliko yote, kwangu, halitoki katika mafundisho ya Kanisa. Linatoka kwa wazee. Wanasema: bila kaburi, ukoo unakusanyika wapi? Mtoto ataonyeshwa nini? Anayedharau pingamizi hili haielewi Afrika Mashariki. Wakenya waliona mwaka 1987 jinsi mazishi ya wakili S. M. Otieno yalivyofika hadi Mahakama ya Rufaa, mke akitaka kumzika karibu na Nairobi na ukoo wake ukimtaka Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa miezi mitano bila kuzikwa, na ukoo ukashinda. Kaburi kwetu ni hati ya ukoo. Lakini sisi wakimbizi tunapaswa kulisema jambo hili kwa ukweli wetu wenyewe. Makaburi ya babu zetu yako Kongo, huko Masisi, Rutshuru, Minembwe, Uvira, na wengi wetu hatujui kama bado yanaonekana. Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Wengi wa vizazi vile walirudi kwao baada ya 1994, na wafu waliowazika katika ardhi hii wamebaki hapa. Ardhi tunayopewa ni ya kutumia, si ya kumiliki. Abrahamu alikuwa mgeni kama sisi, ila yeye aliweza kupima shekeli 400 za fedha na kununua pango likawa lake. Sisi hatuna Makpela. Kwa hiyo hoja kwamba kaburi linadumisha ukoo, ambayo ni kweli kwa mtu mwenye shamba la baba yake, kwa mkimbizi inakuwa nusu ya kweli.

Hapo ndipo Maandiko yananishangaza tena. Yusufu, aliyefia Misri, aliwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake watakapoondoka, na Musa aliibeba, na hatimaye ikazikwa Shekemu. Na mifupa ya Sauli na Yonathani, ileile iliyopita motoni, haikubaki Yabeshi. Katika 2 Samweli 21 Daudi aliifuata akaizika katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli, katika nchi ya Benyamini. Mifupa iliyochomwa ikarudishwa nyumbani. Kwa familia ambayo ndugu yao amefia Ohio, na kusafirisha jeneza hadi Kivu ni gharama ambayo hata mchango wa kanisa zima hauwezi kuifikia, majivu yanaweza kuwa njia pekee ya kumrudisha mtu kwao siku amani itakapopatikana. Sisemi kwamba lazima wafanye hivyo. Nasema kwamba anayewalaumu amemlaumu Daudi pia.

Tuongee na gharama, kwa sababu tunaogopa kuitaja kana kwamba ni aibu. Marekani, mazishi ya ardhini pamoja na huduma zake kwa kawaida huzidi dola 8,000 kabla hata ya kununua kiwanja cha kaburi. Uchomaji usio na ibada ukumbini unaweza kuwa chini ya nusu ya hapo. Familia iliyofika juzi, yenye kodi ya nyumba na watoto wanaosubiri huku, haichagui tanuru kwa sababu imeacha kuamini. Uingereza, karibu watu wanne kati ya watano huchomwa. William Temple, Askofu Mkuu wa Canterbury, alichomwa mwaka 1944. Japani karibu kila anayefariki huchomwa, Wakristo wakiwemo. Na kwetu hapa Afrika, Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana la Kenya alimchoma mke wake Mary mwaka 2002 katikati ya maneno mengi, na mwaka 2005 naye akachomwa. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, aliagiza asizikwe kwa sanduku la mbao. Mwaka 2011 mwili wake ulipelekwa kwenye tanuru la Kariokor, Nairobi, katika jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alichagua mwili wake uyeyushwe kwa maji, na tarehe 2 Januari 2022 mabaki yake yakawekwa ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu George, Cape Town. Sidai kwamba matendo ya watu wakubwa yanathibitisha haki. Nayataja kwa sababu huku Rubondo tunaambiwa kwamba hakuna Mkristo mwenye akili aliyewahi kufanya hivyo.

Je, basi nasi tuanze kuchoma maiti Rubondo? Hapana, na nasema hapana hiyo kwa uzito uleule. Kuni kwanza. Kuchoma mwili mmoja kwa kuni kunaweza kuhitaji kilo 400 au zaidi, na kila mama wa Nakivale anajua amekwenda umbali gani kutafuta mzigo wa kupikia. Tanuru linalojulikana ni la Wahindu, Lugogo, Kampala, na kufika huko na maiti kutoka Mbarara ni safari ya kilomita zaidi ya 250 ambayo ni ghali kuliko kaburi. Kama tatizo ni ughali wa mazishi, dawa yake iko karibu. Jirani zetu Wasomali wanamzika mtu upesi kwa sanda, bila sanduku, na hakuna anayesema amezikwa bila heshima. Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi ya Kenya na Mkristo, aliyefariki kwa ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, alizikwa siku tatu baadaye bila jeneza kama alivyoagiza mwenyewe. Mkuu wa majeshi akiweza kulala udongoni hivyo, kwa nini sisi tukope pesa kwa ajili ya sanduku lenye vishikio vya kung'aa, halafu watoto wakose ada?

Na kuna sababu nyingine ya kuusogelea moto kwa uangalifu katika eneo hili. Watu wa kusini magharibi mwa Uganda hawajasahau Kanungu, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini walipoteketea ndani ya jengo la ibada. Walioishi Beni na Butembo, Kongo, kati ya 2018 na 2020 wanakumbuka Ebola iliyoua zaidi ya watu 2,200, na jinsi timu za mazishi zilivyokutana na hasira pale familia zilipohisi kwamba mfu wao amenyang'anywa. Liberia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2014 serikali iliamuru miili ya waliokufa kwa Ebola ichomwe, na watu wakaanza kuwaficha wagonjwa na kuzika kwa siri, hadi mwishoni mwa mwaka huo ilipopatikana ardhi ya makaburi na agizo likaachwa. Moto wa lazima uliwafanya watu wakimbie hospitali. Kwa hiyo anayedhani kwamba uhuru wa Mkristo ni ruhusa ya kuwachomea watu maiti zao kwa sababu za usafi, au uhaba wa ardhi, au amri ya ofisi, hajanielewa. Paulo aliandika kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu kwamba ujuzi wa mmoja usimwangushe mwenye dhamiri dhaifu. Mama mzee asiyeweza kulala kwa kufikiria mwanawe motoni ana haki ya kusikilizwa kabla ya wosia kuandikwa. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea, tunaoishi nao hapa, wanashikilia mazishi ya ardhini kwa nguvu zote, na wanastahili kuheshimiwa katika hilo. Heshima hiyo haituzuii kuomba kwa ajili ya aliyechomwa.

Jambo moja la kisheria lisisahauliwe: moto haurudi nyuma. Daktari Harold Shipman, aliyehukumiwa Uingereza mwaka 2000 kwa kuua wagonjwa wake, alifichika kwa miaka mingi kwa sababu, pamoja na mambo mengine, miili mingi ya aliowaua ilikuwa imechomwa na haikuweza kufukuliwa ichunguzwe. Ndugu akifa ghafla ugenini na sababu haieleweki, familia ya huku iombe uchunguzi ufanyike kwanza. Mwenye mashaka azike. Huo ni ushauri wa busara kwa mtu mwenye imani yoyote.

Ninachowaomba wachungaji, mapadri na wazee wa makanisa ya Rubondo, Juru na Base Camp, hapa Nakivale, ni mambo yanayowezekana mwezi huu. Kila anayepata safari ya nchi ya tatu aulizwe kabla hajapanda basi la kwenda Kampala angependa kufanyiwa nini akifia huko, na jibu liandikwe, lisomwe mbele ya jamaa zake na kuwekwa sahihi. Habari ya kuchomwa ikifika, ibada ya matanga iwe ileile, kwa nyimbo zilezile na jina lilelile la marehemu, bila mahubiri ya kuwatisha wafiwa. Na majivu yakiletwa, kanisa liyaombee mahali kwenye makaburi yetu kwa viongozi wa makazi, yachimbiwe shimo, yazikwe yote kwa pamoja, na msalaba uwekwe wenye jina na mwaka. Kumwaga majivu ziwani au kuyagawana kama urithi sikubaliani nako; mtu aliyebatizwa kwa jina lake ana haki ya kuwa na mahali panapotajwa kwa jina hilo. Wazee wanaodai kaburi hapo watakuwa wamelipata, na siku familia itakaporudi Masisi au Minembwe, itaweza kuomba ruhusa ya kufukua na kumbeba.